Mkojo unanitoka tangu nijifungue: ni unyago niliokatisha?

"Shikamoo dada. Nina miaka 31, kwetu Newala, nimeolewa hapa Mtwara mjini na nina kiduka cha vitenge. Miezi mitano iliyopita nilijifungua mtoto wangu wa tatu, kilo 4.2. Nilisukuma muda mrefu, nikachanika na kushonwa. Tangu hapo nikikohoa, nikicheka au nikijitwika ndoo, mkojo unanitoka. Jioni nasikia uzito huku chini, kama kuna kitu kinataka kudondoka. Shangazi anasema ni kwa sababu nilichezwa unyago harakaharaka wakati wa likizo ya shule, sikufundwa mambo yote, halafu na arobaini sikuimaliza, nilirudi dukani siku ya ishirini na tano. Wifi ameniletea shabu nijibanie. Nikaangalia mazoezi kwenye simu, anayefundisha ni mzungu, nikajisikia vibaya: mimi Mmakonde, kiuno chetu kinasifiwa nchi nzima, leo nifundishwe kubana na mzungu? Siku hizi sinywi maji mchana, kwenye maulidi siendi kwa kuogopa udhu kutenguka, na mume wangu sijamwambia. Je, nimeharibika? Nifanye nini?"

Marahaba mdogo wangu. Hongera kwa mtoto, na pole kwa hayo mengine. Hapana, hujaharibika. Umeumia msuli wakati wa kujifungua, na msuli ulioumia una tiba. Wengi wanaokuja kwangu na maelezo kama yako huondoka na nafuu kubwa bila kuguswa na kisu.

Ila barua yako ina maswali mawili. Moja ni la mwili. La pili hukuliandika waziwazi, lakini limejaa mule ndani: kama kweli wewe ni mwanamke wa kwenu, mbona mwili wako haufanyi wanavyosema unatakiwa kufanya? Nitajibu yote mawili, na naanza na la mwili kwa sababu ukilielewa hilo, la pili linapungua uzito lenyewe.

Chini ya nyonga yako, kuanzia mfupa wa mbele ulio chini ya kinena hadi mfupa wa mkia huku nyuma, kuna misuli iliyotandazwa. Hiyo ndiyo inayobeba kibofu, kizazi na utumbo wa haja kubwa. Fikiria kitanda cha kamba: kamba zikiwa zimekazwa, unalala umeinuka, zikilegea, mwili wote unazama katikati. Katika msuli huo kuna tundu tatu, la mkojo, la uke na la haja kubwa, na kazi ya msuli ni kubeba vilivyo juu yake na kuyabana matundu hayo pale inapohitajika.

Kichwa cha mtoto kinapopita, sehemu ya msuli iliyo karibu zaidi na uke huvutika zaidi ya mara tatu ya urefu wake. Ukiuvuta msuli wa paja kiasi hicho, utakatika. Huu wa chini unastahimili kwa sababu ujauzito umeulainisha, lakini mtoto wa kilo 4.2 na kusukuma kwa muda mrefu havipiti bila kuacha alama. Nyuzi nyingine hunyooka kupita kiasi, mishipa ya fahamu inayoupa msuli amri hubanwa na kulala kwa muda, na mara nyingine msuli hubanduka kidogo pale uliposhikamana na mfupa. Mshono ulioshonwa ni wa ngozi na nyama ya njia. Huu mpana wa ndani mara nyingi hauonekani wala kushonwa siku hiyo.

Sasa ukikohoa, tumbo linasukuma chini kwa nguvu. Zamani msuli ulikuwa unawahi kukaza sekunde hiyohiyo, mrija wa mkojo ukabanwa. Leo unachelewa, au unakaza nusu, na mkojo unapenya. Ule uzito wa jioni ni ndugu wa tatizo hilohilo. Mchana kutwa umesimama dukani, msuli umechoka, kuta za uke au kizazi vimeshuka kidogo. Ukilala usiku vinarudi, ndiyo maana asubuhi hujisikii kitu. Kushuka huko tunakupima kwa hatua, ya 1 hadi ya 4, na kwa jinsi ulivyoeleza, kwamba unasikia uzito lakini hukutaja kitu kilichotokeza nje, nadhani wako si wa hatua za juu. Hilo ni la kuthibitishwa kwa kupimwa, nitalirudia.

Kitu kingine ambacho hakuna anayekuambia: unanyonyesha. Wakati wa kunyonyesha homoni ya kike inayofanya uke uwe mnene na wenye unyevu hushuka sana. Ngozi ya huko inakuwa kavu na nyembamba, tendo la ndoa linauma, na kila kitu kinaonekana kimelegea kuliko kilivyo. Ukipunguza kunyonyesha, sehemu ya hali hii inarudi yenyewe.

Haya, tuje kwa shangazi.

Mimi ni Mmwera, nimechezwa, na namheshimu kungwi wangu hadi leo. Sitakubali mtu aniambie unyago ni ujinga. Lakini tuangalie kwa haki ulifundisha nini kuhusu msuli huu. Ngoma ya kiuno inalainisha nyonga, mgongo wa chini na mapaja. Inampa msichana habari ya mwili wake, akajua kwamba huko chini anaweza kukutembeza na kukutuliza kwa hiari. Na wapo makungwi wanaofundisha hasa kubana na kuachia. Hayo ni mambo mazuri, na wanawake waliopata mafundisho hayo huwa wepesi kunielewa ninapowaambia "vuta ndani". Lakini mtu anaweza kuzungusha kiuno hadi ngoma ikapasuka na msuli wa ndani usifanye kazi yoyote, kwa sababu kinachozunguka ni nyonga na makalio. Nimewapima wacheza ngoma hodari wanaovuja mkojo, na nimewapima wasiojua hata kupiga makofi kwa mpigo, wakawa na msuli imara.

Kwa hiyo hata ungekaa ndani mwezi mzima na nyakanga, yaani mkuu wa makungwi, aliye bora Newala yote, kichwa cha mtoto wa kilo 4.2 kingepita palepale. Mafunzo ya ujana hayazuii jeraha la uzazi, kama ambavyo mazoezi ya ujana ya mcheza mpira hayamzuii kuvunjika mguu akikanyagwa.

Hii habari ya kwamba wanawake weusi maungo yao ni ya chuma haikuanzia kwa shangazi yako. Kwa muda mrefu hata madaktari wa Ulaya na Marekani waliamini kwamba mwanamke mweusi hashuki kizazi wala havuji mkojo kama mzungu, na kwa sababu waliamini hivyo hawakumuuliza. Na sisi kwa aibu zetu hatukusema. Walipokuja kuuliza na kupima, hali ilikuwa nyingine kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanyika vijijini Kilimanjaro kwa wanawake zaidi ya 1,000, ulikuta zaidi ya nusu yao wana kiasi fulani cha kushuka kwa viungo vya nyonga, wachache tu wakiwa na kiwango kikubwa. Na kubeba mizigo mizito kwa saa nyingi kila siku lilikuwa mojawapo ya mambo yaliyoambatana nako. Hapo sihitaji kumweleza mtu aliyekulia nyanda za juu za Makonde, ambako maji yamekuwa ya kufuatwa mbali kwa vizazi na vizazi. Sifa ya uimara tumepewa sana, mdogo wangu. Matibabu ndiyo tumecheleweshewa.

Kuhusu mzungu wa kwenye simu: mazoezi ya kubana msuli huu yalitangazwa katika udaktari mwaka 1948 na daktari wa Marekani, Arnold Kegel, na jina lake ndilo lililobaki. Msuli wenyewe hauna kabila. Ukitaka, fanya mazoezi yake huku umejifunga khanga na redio inapiga singeli, hayatajua tofauti.

Arobaini nayo naitetea, lakini kwa sababu zake za kweli. Kliniki yetu inakutaka urudi ndani ya saa 48, halafu siku ya 3 hadi ya 7, ya 8 hadi ya 28, na ya 29 hadi ya 42. Ona ya mwisho inapoangukia. Bibi zetu na wakunga wa hospitali wanahesabu kitu kimoja: wiki sita za kizazi kurudi na kidonda kupona. Kukaa ndani, kutobeba ndoo, kuletewa uji wa pilipili manga, yote yanasaidia. Kurudi dukani siku ya 25 hakukukusaidia, ni kweli, hasa kama ulikuwa unanyanyua majora ya vitenge. Lakini si hukumu ya maisha. Wanawake wengi wanarudi kazini mapema kwa sababu ya njaa, si kwa ukaidi, na msuli hauna kinyongo. Unaendelea kupona miezi sita ya kwanza na hata kukaribia mwaka.

Ambayo siyatetei ni mawili. Kufungwa tumbo kwa khanga kwa nguvu hadi unashindwa kuvuta pumzi: ukibana sana katikati, msukumo unakwenda chini, palepale penye kidonda. Khanga ya kuushika mgongo tu inatosha. Na kukalishwa juu ya mvuke au maji ya moto makali, nimeona waliobabuka. Maji ya uvuguvugu yanatosha.

Na shabu, mrudishie wifi yako, kwa adabu lakini leo hii. Shabu inakausha na kukunjisha ngozi ya ukeni kwa muda mfupi, ndiyo maana unahisi pamebana. Msuli haujaguswa hata kidogo. Ngozi yako sasa hivi tayari ni nyembamba kwa kunyonyesha. Ukiitia shabu inachubuka, na mchubuko ni mlango wa maambukizi, pamoja na virusi vya UKIMWI. Ugoro, dawa za kupachika, sabuni za kusafisha ndani, kapu ni moja.

Sasa tufanye kazi. Lala chali, magoti juu, nyayo chini. Legeza tumbo, mapaja na makalio. Halafu fanya namna hii: upo sebuleni kwa wakwe, ushuzi unataka kutoka, na mkojo umekubana. Zuia vyote viwili kwa pamoja, ukivuta kuelekea ndani na juu, huku unatoa pumzi taratibu kwa mdomo. Mtu aliyekaa pembeni asione kitu. Akiona makalio yameinuka au tumbo limefura, umekosea msuli. Shika sekunde tatu, achia kabisa, pumzika sekunde hizohizo, rudia. Lengo ni mara nane, kwa vipindi vitatu kwa siku, ukiongeza sekunde polepole hadi kufikia nane au kumi. Kila kipindi umalizie na mibano kadhaa ya harakaharaka. Kwa kuwa unaswali, funga hesabu yako na swala: ukishatoa salamu alfajiri, adhuhuri na isha, kabla hujanyanyuka kwenye mswala. Wenye kuiunganisha na kitu wanachofanya kila siku ndio wanaodumu.

Kuachia ni nusu ya zoezi. Wapo wanawake ambao kwa hofu wanajikaza mchana kutwa, msuli ukachoka na kuanza kuuma, na tendo la ndoa likawa mateso. Kama kila ukibana unasikia maumivu, acha, subiri upimwe. Na usifanye mazoezi haya ukiwa unakojoa. Kukata mkojo mara moja kujua msuli uko wapi, sawa. Kuufanya mchezo wa kila siku kunakifundisha kibofu kutojimaliza, na mkojo unaobaki unaleta maambukizi.

Zoezi la pili ndilo litakalokuokoa mapema zaidi: bana kabla. Kikohozi kinakuja, bana kwanza, ndipo ukohoe. Unataka kunyanyua jora, bana, toa pumzi, nyanyua. Ndoo je? Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na hatari yake kubwa si pale inapokuwa kichwani. Ni ile sekunde unapoinyanyua kutoka chini hadi kichwani umebana pumzi, uso umekaza. Kwa miezi hii tumia ya lita 10, au utwishwe na mtu. Na ukienda Newala msimu wa korosho, waambie kabisa kwamba kuokota utaokota umechuchumaa au umepiga goti, na magunia wabebe wengine.

Mchana, ukipata dakika kumi na tano nyuma ya duka, lala na mto chini ya makalio. Uzito ule unapungua, na jioni yako inakuwa nyepesi. Kula papai, mboga na maharage usifunge choo, kwa sababu kujikamua chooni kunafanya kazi yote uliyoifanya asubuhi iende bure. Na rudi kunywa maji. Unanyonyesha, tena katika joto la Mtwara. Mkojo mzito unawasha kibofu na kukufanya ubanwe zaidi, kwa hiyo kwa kujinyima unaongeza kile unachokikimbia.

Nitakuwa mkweli kuhusu matarajio. Usihukumu kabla ya miezi mitatu ya kufanya kila siku. Wengi wenye kuvuja kwa kikohozi na mzigo hupata nafuu kubwa au huacha kabisa. Uzito wa kushuka nao hupungua, ila kama kizazi kimeshuka hadi kutokeza nje, mazoezi peke yake hayatakirudisha. Hapo kuna pete ya silikoni inayowekwa ukeni kushikilia viungo, inayotolewa na kusafishwa. Si kila hospitali inayo, kwa hiyo uulize. Upasuaji upo pia, lakini mara nyingi tunashauri usubiri hadi umalize kuzaa, maana uzazi mwingine unaweza kuharibu kilichoshonwa. Kama mnataka mtoto wa nne, jipe angalau miaka miwili kabla ya kushika mimba, na umwambie mkunga mapema historia hii. Kama hamjaamua, pitia uzazi wa mpango. Unaweza kushika mimba hata kabla hedhi haijarudi.

Yapo mambo ambayo hayasubiri mazoezi. Kama mkojo unatoka mfululizo usiku na mchana, hata umelala, bila kikohozi wala mzigo, hiyo inaweza kuwa fistula, tundu kati ya kibofu na uke linalotokana na uchungu wa muda mrefu. Haitibiki kwa kubana wala kwa dawa za miti, lakini inatibika kwa upasuaji, na hospitali ya CCBRT Dar es Salaam wanautoa bure na kusaidia nauli kwa mgonjwa aliye mbali. Kinyesi au hewa kutoka bila kujizuia, kidonda cha mshono kutoa usaha, kitu kutokeza nje, kushindwa kukojoa, homa, damu, mkojo unaochoma: nenda siku hiyohiyo. Na kikohozi chenyewe kikizidi wiki mbili, pima kifua kikuu.

Kuhusu maulidi na swala, muulize ustadhi wako au mke wake habari za mtu mwenye udhuru. Dini imemwekea nafasi mtu anayetokwa na mkojo bila hiari, na hukumu yake kwa anayetokwa mara kwa mara na anayetokwa mara moja moja haifanani; yeye ndiye wa kukuambia yako ni ipi. Pedi au kitambaa safi, khanga ya pili kwenye mkoba, uende.

Mumeo mwambie. Huna haja ya hotuba. "Niliumia kwenye kujifungua, nimeambiwa inatibika, nahitaji miezi mitatu na mtu wa kunitwisha ndoo." Waume wengi walionifuata na wake zao walikuwa wamekwishahisi wanakimbiwa, hawajui kwa nini. Shangazi naye usimbishie. Muulize kungwi wake alimfundisha kubana vipi. Akikueleza vizuri, fanya na hilo.

Kupimwa ni lazima, hata ukiona nafuu, kwa sababu mimi nimekusoma tu, sijakuona. Kwa kuwa uko mjini, nenda Ligula, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Ndugu zako walio upande wa Masasi wana Ndanda, na wa Lindi wana Sokoine au Nyangao. Ukifika mapokezi usiseme "naumwa tumbo" kama wengi wanavyofanya kwa aibu, utaishia kwenye dawa za minyoo. Sema: "Nimejifungua miezi mitano iliyopita, mkojo unanitoka nikikohoa na nasikia uzito ukeni. Naomba kumwona daktari wa wanawake, na baadaye mtu wa fiziotherapia, wa tiba ya mazoezi." Una haki ya kuomba anayekupima awe mwanamke, au awepo muuguzi wa kike chumbani. Atakupima ukiwa umelala na ukiwa umesimama, atakuambia ukohoe, na ataweka kidole kuona kama unabana msuli sahihi. Mueleze akuambie wazi kama unakosea. Nenda na kadi yako ya kliniki ya ujauzito uliopita. Uzito wa mtoto, muda wa uchungu na jinsi ulivyochanika ndivyo vitu vya kwanza atakavyovitafuta.